Batu Caves: ngazi 272, sanamu la dhahabu na goti la dada

Mi ni mtu wa Mwanza, nimezaliwa Mabatini, nimekulia juu ya mawe, nimebeba ndoo ya maji kichwani kupanda mlima tangu darasa la pili, kwa hiyo ukiniambia twende ukaone jiwe kubwa lina ngazi nitakuuliza kwani nyumbani nimehama lini. Nauza vitenge na mashuka Makoroboi, kule jirani na hekalu la Wahindi, kengele yao naisikia miaka na miaka na ndani sijawahi kutia mguu, sio kwamba nimekatazwa, ni vile tu kila mtu na mambo yake. Sasa hekalu la kwanza la Kihindu kuingia maishani mwangu nikaenda kuliingilia Malaysia, kwa ndege tatu. Naandika haya kwa sababu watu wengi wananiuliza kwenye picha zangu hilo sanamu la dhahabu ni wapi na je panafaa kwenda, na nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Ilikuwa hivi. Mtoto wa dada yangu alikuwa anamaliza chuo Kuala Lumpur, familia ikachanga, wakasema aende mama yake na mimi nimsindikize kwa kuwa mi ndo nimezoea safari za mzigo. Mahafali ni siku moja, tiketi ya kurudi ni baada ya wiki. Siku ya nne tukiwa tumeshamaliza kutembea madukani na kushangaa bei, kijana akasema, "Mama, ma'mdogo, kesho nawapeleka Batu Caves." Dada akauliza huko kuna nini. Kuna pango, mama, na sanamu kubwa la mungu wa Wahindi. Dada akaweka kikombe chini. Naomba mjue dada ni mzee wa kanisa, sio mzee wa jina, ni mzee wa kukusanya wamama wa kwaya saa kumi na moja alfajiri. "Yaani nimetoka Mwanza kuja kusujudia sanamu?" Kijana akamwambia mama hamna anayekwambia usujudu, unaangalia tu. Dada akasema, "Mke wa Lutu naye aliangalia tu."

Lakini asubuhi alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Usafiri kwanza maana ndo kitu rahisi kuliko vyote. Unaenda kituo kikuu cha KL Sentral, unapanda treni ya umeme ya KTM, na Batu Caves ndo kituo cha mwisho, kwa hiyo hata ukisinzia huwezi kupitilizwa, wenyewe watakuamsha ushuke. Nauli ni hela ya kawaida kabisa, siku zile ringiti moja ilikuwa inacheza kwenye mia sita ya kwetu hivi na nauli ilikuwa ringiti chache. Hamna kubanana, hamna konda wa kukwambia sogea nyuma kuna nafasi wakati nafasi yenyewe ni ya kuku. Ukishuka umeshafika, unatembea tu. Kuna watu walikodi teksi kutoka mjini, kwa nini sijui.

Ukitoka stesheni kitu cha kwanza unachokutana nacho ni sanamu la kijani, jitu lina sura ya nyani na mwili wa mtu, refu kama mita 15. Dada akasimama akasema haya nimeliona, turudi. Kijana akacheka akasema mama hilo bado, huyo ni Hanuman, analinda pango la Ramayana, tunayemfuata yuko mbele. Hilo pango la Ramayana lina kiingilio chake, ndani kuna masanamu ya kusimulia hadithi yao ya Rama na mkewe Sita aliyeibwa, sisi tulipita bila kuingia kwa hiyo sitalisemea.

Afu unakata kona unatokea uwanjani. Njiwa, njiwa, njiwa, yaani uwanja mzima umejaa njiwa na watoto wanawakimbiza, harufu ya udi na maua, na mbele yako ndo kasimama. Murugan. Mita 42.7. Dhahabu kuanzia kisigino mpaka taji, ameshika mkuki mrefu, uso umetulia kama mtu anayekusikiliza shida zako ila hana haraka ya kujibu. Nyuma yake ukuta wa mwamba umepanda, na pembeni yake ngazi za rangi zinapanda kwenye tundu jeusi la pango. Mi nilitoa simu nipige picha nikagundua hawezi kuingia, nikarudi nyuma hatua kumi, bado kichwa kinakatika, nikarudi nyuma mpaka nikawakanyaga njiwa. Kuna vijana walikuwa wamelala chali kabisa kwenye sakafu wawapige wenzao picha kutokea chini. Hiyo ndo njia. Mtu mzima mwenye heshima zako ukitaka picha yako na sanamu zima, kubali mpiga picha wako alale chini.

Kijana wetu kasoma uhandisi, ndo alikuwa anatupa hesabu. Sanamu lilizinduliwa Januari 2006, limekula zege mita za ujazo 1,550, nondo tani 250, na rangi ya dhahabu lita 300 iliyoletwa kutoka Thailand. Watu wengine hizo namba zinapita tu sikioni, ila mi nimejenga Kisesa nyumba ya vyumba vitatu, nondo zilinitoa jasho mpaka nikauza friji, kwa hiyo nikamwambia baba hebu nipigie hiyo tani 250 kwa nondo za milimita 12. Akapiga kwenye simu, vipande elfu 23 na ushee. Elfu ishirini na tatu! Fuso la tani kumi lipige safari 25. Hapo ndo nilianza kuliheshimu lile sanamu, sio kwa uungu, kwa nondo. Na msidanganywe na watu wa mtandaoni wanaosema ndo Murugan mrefu kuliko wote duniani, alikuwa hivyo mpaka 2022, sa hivi kuna mwingine kampita kule Salem, Tamil Nadu, India kwenyewe. Anayekwambia vile anarudia habari ya zamani.

Sasa niwaambie kitu ambacho hamna aliyeniambia. Ukishalitazama dakika kumi umemaliza. Kweli. Halizunguki, haliongei, limesimama. Ukiwa na mtoto atarudi kwa njiwa. Watu wengi niliowaona wanafika, wanapiga picha, wanageuka kwenda kutafuta soda, nikawa nawahurumia maana wenyewe wanajua wameshafika kumbe wameishia kwenye kibao cha duka.

Dada alisema hapandi. Kwanza goti, la kulia linamsumbua tangu mwaka juzi, pili akasema yeye atakaa chini ya kivuli asome Zaburi zake mpaka tushuke. Tukamtafutia kiti kwenye kivuli, tukamwachia maji, tukaenda.

Pale chini ya ngazi kuna habari ya mavazi. Hekalu ni hekalu, mwanamke ukivaa kaptura au sketi ya juu ya magoti hupandi mpaka ujifunge kitambaa, na vitambaa vinakodishwa palepale. Mi nilikuwa na gauni refu na kitenge cha ziada begani kwa hiyo nikapita kama maji, lakini biashara haiachi mtu, nikakishika kimoja cha kukodi nikakisugua kwa vidole. Polista tupu. Kikipata jasho kinanata mwilini kama nailoni ya mkate. Nilipata uchungu, wasichana wa Kizungu foleni nzima wanajifunga vile vitu, na mi robota la kitenge cha pamba nimeliacha Makoroboi. Nikamwambia kijana ukishapata kazi huku usimsahau ma'mdogo wako, kuna fursa.

Ngazi ni 272. Zamani zilikuwa za mbao, zilijengwa mwaka 1920, za zege wakaweka 1940, na hizi rangi zote mnazoziona kwenye picha, kama upinde wa mvua, zimepakwa 2018 tu. Na zilileta kesi, maana wale watu wa idara ya urithi wa taifa wa Malaysia walikuja juu kwamba mmepaka sehemu ya urithi bila kuomba kibali. Rangi ikabaki. Watalii wakaongezeka. Mi upande wangu naona zimependeza ila zinadanganya, kwa sababu ukitazama kutoka chini unaona kitu cha kuchezea watoto, ukianza kupanda ndo unajua. Ni wima. Kikanyagio ni chembamba, mguu wangu wa namba 41 ulikuwa unaingia nusu, kwa hiyo unapanda upandeupande kama kaa. Nilianza kuhesabu kwa sauti, nikafika 140 nikaishiwa pumzi na hesabu ikapotea hapohapo.

Na nyani. Jamani nyani. Kama mmeshafika kisiwa cha Saanane kule kwetu Mwanza mnawajua wale tumbili wetu, wana aibu kidogo, wanakuchungulia kwanza. Hawa wa Batu hawana muda huo, ni kama vibaka wa stendi, wanakaa kwenye kingo za ngazi wanakupekua kwa macho. Mi kwa ujinga wangu nilikuwa nimebeba karanga nilizokaanga mwenyewe nyumbani, karanga za Sengerema, nimezifunga kwenye kimfuko cha karatasi nimekishika mkononi nikidhani nitatafuna juu. Sikuona hata alikotokea. Nilisikia tu vidole vidogo vya baridi juu ya mkono wangu, mfuko ukaenda. Akakaa hatua tatu kutoka kwangu, akaufungua bila kuuchana, akaanza kutafuna moja moja anasugua ganda jekundu kwa kidole gumba na kulipuliza, hivyohivyo kama bibi yangu alivyokuwa akifanya. Nilimtukana kwa Kisukuma. Aliniangalia akaendelea. Kwa hiyo chakula acheni chini, soda acheni chini, na miwani kaeni nayo machoni.

Ila pale nilipokaa kumtukana nyani ndo nikaanza kuona watu. Maana sio wote pale ni watalii. Kuna baba mmoja alinipita peku, kambeba mtoto begani, mtoto kanyolewa upara na kichwa chote kimepakwa msandali wa njano, amelala fofofo mdomo wazi, na yule baba anapanda bila kushika kingo, mkewe nyuma na bakuli la maziwa. Mtoto akinyolewa hivyo ni nadhiri, waliomba, wamepata, wamekuja kulipa. Mi nahema kama mashine ya kusaga na wao wanapita wanapiga stori. Hapo nikanyanyuka, aibu nayo ni mafuta.

Kule juu sasa. Ukiingia tu mlangoni mwa pango joto lote linabaki nyuma, unapigwa na ubaridi na harufu ya mawe mabichi na udi na popo kwa mbali. Paa liko juu karibu mita 100, maji yanadondoka tone moja moja kutoka sijui wapi, tone likikupata shingoni unaruka. Kuna jogoo! Majogoo wanatembea mle ndani ya pango wanawika na sauti inazunguka ukutani. Nikadhani wamepotea, kijana akanieleza sio ajabu, jogoo ni wa Murugan. Hadithi yao ni kwamba kulikuwa na adui anaitwa Surapadman ameshindikana, Murugan akapewa mkuki na mama yake Parvati, mkuki wenyewe unaitwa vel, akapigana naye, mwishoni yule adui akajigeuza mwembe. Murugan akaupasua mwembe vipande viwili, kimoja kikawa tausi na kingine jogoo, na badala ya kuwaua akamfanya tausi kipando chake na jogoo akamweka kwenye bendera yake. Mi hiyo nimeipenda, wala siwezi kuficha. Adui wako unampa kazi. Na mlango wa pango ukiutazama vizuri umechongoka juu kama ncha ya mkuki, ndo maana mfanyabiashara mmoja wa Kitamil, K. Thamboosamy Pillai, alipouona akasema hapa ni pa Murugan, akaanzisha hekalu mwaka 1891 hivi, na sikukuu yao ya Thaipusam inafanyika pale tangu 1892.

Kabla yao Wachina walikuwa wanachimba humo mbolea ya popo kwa ajili ya bustani za mboga. Yaani pango lilianza kama duka la pembejeo.

Na jina lenyewe, Batu, kwa Kimalay ni jiwe. Mtu wa Jiji la Miamba nimevuka bahari kwenda sehemu inaitwa Jiwe. Kijana akaanza kuniambia ma'mdogo haya mawe yana miaka milioni 400, nikataka kushangaa, akaniwahi, "Ila ya kwetu Mwanza ni miaka zaidi ya bilioni mbili na nusu." Kumbe jiwe la Bismarck na yale ya Mabatini niliyokuwa naanikia udaga ni mababu wa mababu. Tofauti ni kwamba haya ya Batu ni ya chokaa, maji ya mvua yanayala taratibu mpaka yanatoboka mapango, yetu ni matale, yaani graniti, maji yanayaviringisha tu hayayatoboi. Nimeishi na hayo mawe miaka arobaini na sita nikaja kuambiwa Malaysia.

Ukivuka ukumbi wa kwanza kuna ngazi nyingine za ndani, msishtuke, ni chache, unatokea chumba cha pili ambacho paa lake limetoboka, mwanga unaingia kutoka angani umenyooka kama bomba la jua, miti inaning'inia kwenye ukingo wa tundu kule juu, na katikati ya mwanga kuna kihekalu kidogo. Pale ndo pahala. Unavua viatu. Kuhani kifua wazi, kajipaka majivu meupe mistari mitatu kwenye paji, anapokea maua ya watu na nazi na maziwa, anazungusha moto wa kafuri, afu akagonga kengele.

Kengele ileile. Sauti ileile ya Makoroboi, ile ninayoisikia nikiwa nakunja mashuka jioni. Sikuwa nimetegemea, machozi yakanijaa, nadhani ni kuwa mbali na nyumbani na zile ngazi na njaa ya karanga. Sikusali, nisiwadanganye, mi nina dini yangu, lakini nilisimama nikanyamaza mpaka alipomaliza. Hamna aliyeniuliza natokea wapi au nafanya nini pale. Na kiingilio cha pango hilo kubwa ni bure, hamjanisikia vibaya, bure.

Kijana alishawahi kwenda siku ya Thaipusam yenyewe, inaangukia Januari au Februari, akasema siku hiyo usiende kama unaogopa umati, watu zaidi ya milioni. Wanatoka usiku kwenye hekalu la Sri Mahamariamman mjini, gari la fedha linavutwa mbele, wanatembea kilomita kama 15, ni kama utoke mjini kwetu ukaribie Kisesa kwa mguu, na wengine wamebeba kavadi, yale mafremu mazito ya manyoya ya tausi yanayoshikizwa mwilini kwa ndoano na sindano, ulimi umetobolewa na kimkuki, afu wanazipanda ngazi zote 272 hivyohivyo. Alinionyesha video. Nilitazama nusu nikamrudishia simu yake.

Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, magoti yanacheza yenyewe. Shika kingo, usitazame simu.

Sasa tumefika chini tunamtafuta dada kwenye kiti tulichomwacha, hayupo. Nikaanza kupata joto. Kijana ndo akamwona, kahamia kiti kingine karibu zaidi na miguu ya sanamu, yuko na bibi mmoja wa Kitamil, kikongwe, sari ya zambarau, maua meupe yamefungwa kwenye kishungi cha mvi. Wote wawili wamepandisha nguo mpaka magotini. Katikati yao kuna madafu mawili na kichupa cha dawa ya kuchua, na yule bibi anamsugua dada yangu goti la kulia kwa kiganja, anazungusha taratibu, anabonyeza pale pembeni ambapo mi mwenyewe najua ndo panauma. Dada kafumba macho. Biblia iko kwenye mkoba, zipu imefungwa.

Nikamwambia dada vipi. Akafumbua jicho moja. "Huyu mwenzangu la kwake ni la kushoto. Nimeshamsugua, sasa ni zamu yangu." Mmeongea lugha gani? "Kaniuliza kwa mkono, nikamjibu kwa mkono."

Baadaye mtoto wa kiume wa yule bibi akaja, jamaa wa makamo, anaongea Kiingereza, kijana wetu akawa mkalimani. Tukaambiwa bibi anakuja pale tangu ni mtoto mdogo, ngazi kazipanda kwa nadhiri ya kila mtoto aliyemzaa, sasa hivi magoti hayamruhusu kwa hiyo anakaa chini wanawe wanapanda. Dada akamwambia mwanae, hebu muulize, kwa heshima, yeye anakuja kwa sanamu au anakuja kwa nani. Mi nikamkanyaga mguu, unauliza nini watu. Kijana akauliza. Yule bibi hakukasirika, alicheka mpaka nikaona ana meno mangapi, akaonyesha kwa kidole sanamu kule juu, afu akaonyesha pango. Mwanae akatafsiri: sanamu limekuja juzi, mi nilikuwa nakuja hapa kabla hawajaleta hata kokoto.

Dada hakusema kitu. Alivuta dafu lake mpaka likapiga kelele ya kuisha. Wakati wa kuagana akamwambia wabeja, asante ya Kisukuma, na yule bibi akaunganisha viganja. Dada naye akaunganisha. Sijasema kitu na nyie msimwambie mchungaji.

Chakula. Kuna migahawa ya Kihindi pale chini isiyopika nyama kabisa, dada alifurahi, akasema angalau hapa huna haja ya kuuliza hii ni nyama ya nini. Tulikula thosai, ni kama chapati nyembamba kubwa ya unga wa mchele na dengu uliochachuka kidogo, inapasuka kama karatasi, unachovya kwenye mchuzi wa dengu na chatini ya nazi. Wali wanakuwekea kwenye jani la mgomba, dada akasema hawa ni Wahaya. Na chai yao ya maziwa wanaimimina kutoka kikombe cha juu kwenda cha chini kwa mkono ulionyooka kabisa mpaka inatoa povu, nimejaribu nyumbani nimeungua. Bei ya kawaida, tulikula watu watatu tukashiba kwa hela ambayo mjini palepale Kuala Lumpur mtu mmoja angebaki na njaa.

Malalamiko yangu. Joto, ukifika baada ya saa tatu asubuhi umeisha, sisi tulifika saa mbili kasoro na bado nilirudi na gauni lina ramani ya chumvi. Wageni wenzangu wanaowapa nyani chipsi ili wapige video, nyie ndo mmewaharibu. Na kuna kiduka kimoja, sikitaji na wala jina lake silikumbuki, niliuziwa bangili sita nikaapiwa hazichuji, hata uwanja wa ndege wa pili hatujafika mkono ulishakuwa wa kijani. Mi ninayeuza vitu! Nilistahili.

Kingine, wametangaza mpango wa kuweka ngazi za umeme za kupandisha watu mpaka juu. Nilivyosikia mara ya kwanza nilisema wasithubutu, wataua utamu wote, jasho ndo safari yenyewe. Afu nikakumbuka yule bibi na goti lake la kushoto, nimebaki njia panda. Waweke, lakini wailipishe pesa nyingi wenye miguu mizima.

Nyota nne na nusu. Nusu kaondoka nayo nyani.

Niliporudi Mwanza wiki iliyofuata nikaenda kuchukua mashuka kwa mzee wangu wa jumla, Mhindi wa hapahapa, anaongea Kisukuma kuwashinda wanangu. Nikamwonyesha picha. Nikamwambia mzee nimemwona yule mzee wenu wa dhahabu. Akavaa miwani. "Mama, huyu sio mzee, huyu ni kijana. Wenyewe Watamil wanamwita Murugan, sisi Wagujarati tunamjua kama Kartikeya. Huku kwetu hana sana mahekalu, wenye naye hasa ni wa kusini." Akanieleza kwamba ni ndugu yake Ganesh, yule mwenye kichwa cha tembo, ila kwa Watamil Murugan ni mdogo na Ganesh ndo mkubwa, na kwa watu wa kaskazini ni kinyume chake. Nikasema kumbe na kwenu ukoo una ubishi wa nani kamtangulia nani. Akacheka mpaka akavua miwani.

Afu akaniuliza, hapa kwetu umeshaingia? Nikasema bado. "Miaka yote hii mama, hapo ulipo mpaka hekaluni unafika hujamaliza kutafuna karanga, umeenda kuanzia Malaysia?" Nilikosa jibu. Nikamuuliza ngazi mnazo ngapi, akasema njoo uhesabu mwenyewe, njoo jioni, na dada yako mlete.

Nikampigia dada palepale dukani. Nilitegemea Lutu na mkewe, nimeshajiandaa na la kujibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kimya, nikadhani bando limekata.

"Pana pa kukaa?"